Folda za Bwana Mutua

Wanangu mnaotengeneza kompyuta siku hizi, nawapenda, lakini mna haraka. Juzi nilipita kwenye duka la mmoja wenu hapa Langoni kumpelekea simu ya mke wangu, nikamkuta anasasisha viendelezi vya kivinjari. Alibonyeza mara moja, akageukia chai yake. Chai haijapoa, kazi imekwisha. Nikamwambia kwamba kazi hiyo hiyo iliwahi kunichukua siku tatu na nusu ya heshima yangu. Akacheka, akadhani namtania. Ndipo nikaona heri niandike.

Kwa asiyejua, kivinjari ni ile programu unayofungulia mtandao, na kiendelezi ni kijiprogramu kinachopachikwa ndani yake ili kiifanyie kazi ya ziada. Kimoja hukuza herufi kwa mwenye macho yaliyochoka, kingine hutafsiri, kingine ni karatasi ya kuandikia mambo yako pembeni mwa ukurasa. Penye mtandao mzuri viendelezi hujisasisha vyenyewe na mwenye mashine hata hana habari. Lakini mimi nilifanya kazi kisiwani Pate, miaka ambayo mtandao ulikuja asubuhi ukaondoka kabla hujamaliza kuusalimu. Tulikuwa tukivipakua hapa Amu, tunavitia kwenye flashi, tunapanda boti ya abiria, na kwenda kuvipachika kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine. Shule, zahanati, vikundi vya akina mama, popote ambapo mradi wetu uligawa kompyuta.

Nilistaafu mwaka jana. Nimefanya makosa mengi, na mengi nimeshayasahau kwa rehema ya Mungu. Moja sijalisahau. Siku moja kule Pate mjini nilikaribia kuyafuta maneno ya marehemu yote, na ningeyafuta kwa usafi. Si kwa uzembe, si kwa kutojua kazi. Kwa usafi tu.

Marehemu ni Mzee Shee, mshona kofia. Wale mnaovaa kofia za viua mnajua kwamba tobo zile hazikutupwa ovyo kwenye kitambaa. Kila nakshi ina hesabu yake: tobo ngapi, unaruka ngapi, unarudi wapi, safu inakutana vipi na mwenzake pale juu kwenye duara. Mzee Shee hakuwa na mchoro wa karatasi. Alikuwa nazo kichwani, kama alivyozipokea kwa ami yake. Mkono ulipoanza kutetemeka na sindano ikawa haimtii tena, alikaa na mkewe, Bi Mwanaesha, akawa anamsomea nakshi moja moja naye anaziandika kwenye kompyuta ya kikundi chao iliyokuwa inakaa nyumbani kwao, kwa kidole kimoja. Waliandika miezi mingi. Aliziandika kwenye kile kiendelezi cha karatasi ya pembeni, ili picha ya kofia iwe hapa na hesabu yake iwe pale. Mzee Shee alipofariki, Bi Mwanaesha ndiye aliyeshika sindano.

Sasa mwanawe wa mwisho, Abuu, alikuwa aoe. Mama yake alikuwa anamshonea kofia kwa nakshi ambayo Mzee Shee aliitenga kwa ajili ya harusi ya kijana huyo, na hakumshonea mtu mwingine. Ukanda wa pembeni ulikuwa tayari. Lilibaki duara la juu, na duara hula wiki sita kwa mkono wa mtu mmoja. Nikahi ilikuwa baada ya miezi miwili. Hesabu ya duara ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kile kiendelezi, na kiendelezi kikagoma kufunguka. Kivinjari kilikuwa kimesasishwa, nacho kiendelezi kilikuwa cha zamani, havikuelewana. Akanipigia simu akaniambia karatasi ya Shee imekataa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Lakini kabla sijafika kwake, lazima niwaambie habari ya Bwana Mutua, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi.

Bwana Mutua ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa fundi wa taipureta hapa Langoni. Taipureta zikafa, nikabaki na bisibisi zangu na watoto wanne. Yeye alikuwa mtu wa bara, Mkamba, Mkristo asiyekosa kanisa, mrefu, mkimya, aliyeletwa na mradi na akakaa kwetu miaka mingi kuliko walivyomtuma. Alinichukua akaniambia kwamba mtu aliyeweza kurudisha herufi ya taipureta mahali pake anaweza kuelewa kompyuta. Sikuamini, lakini nilihitaji mshahara.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa shule ya Chundwa. Nilichomeka flashi, nikafungua ukurasa wa viendelezi, nikawasha ile hali ya wasanidi programu, nikakielekeza kivinjari kwenye folda iliyokuwa ndani ya flashi, kiendelezi cha kamusi kikapachikwa. Walimu wakafurahi, wakanipigia makofi. Nikachomoa flashi yangu, nikaitia mfukoni, nikapanda boti. Asubuhi mwalimu mkuu akapiga simu kusema kamusi imetoweka. Nikarudi, nikafanya vile vile, ikaonekana, nikachomoa, nikaondoka. Ikatoweka tena. Nilikuwa nimeshaanza kuishuku kompyuta ile kwamba ina shetani. Bwana Mutua aliponiuliza nilivyofanya, alisema nimewapakulia wali kwenye sahani yangu, halafu nimeondoka na sahani.

Hilo lishikeni. Kiendelezi ulichopachika kwa mkono hakihamii ndani ya kivinjari. Kinaendelea kukaa kwenye folda yake, na kivinjari huenda kukisoma pale pale kila kinapoamka. Kwa hiyo nakili folda kwanza kwenye diski ya kompyuta yenyewe, ndipo ukipachike.

Na kuna la pili, ambalo ndilo lililonitia adabu. Kiendelezi cha namna hiyo hakina kitambulisho kingine ila anwani. Kivinjari hukijua kwa mahali kinapokaa: diski fulani, folda yenye jina fulani. Ukibadilisha jina la folda, hata herufi kubwa ukaifanya ndogo, kwa kivinjari huyo si yule tena, ni mgeni amebisha hodi. Na yale yote aliyoandika wa kwanza, mgeni hapewi. Unapotaka kusasisha, unatia mafaili mapya ndani ya folda ile ile ya zamani, jina lile lile, mahali pale pale, kisha unabonyeza kitufe cha kupakia upya. Hayo Bwana Mutua aliniambia. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa huku nawaza boti.

Tatizo langu na Bwana Mutua lilikuwa majina. Folda zake alikuwa anaziita kwa chakula alicholishwa siku hiyo mahali hapo. Wallahi. Unafungua kompyuta ya shule, unakuta folda inaitwa "Muhogo na papa". Zahanati moja ilikuwa na "Chai bila sukari". Kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu bado napita mlangoni pake, folda iliitwa "Hawakunipa kitu". Nilimwuliza kwa nini mtu mzima aliyesoma anafanya mambo kama haya. Akasema tarehe atazisahau, namba atazisahau, lakini tumbo lake halisahau.

Alipostaafu akarudi kwao, nikashika mimi. Na mimi, wanangu, ni mtu nadhifu. Bisibisi zangu zilipangwa kwa urefu. Nikasema sasa zamani za muhogo na papa zimekwisha. Kila kompyuta niliyoifikia niliipa folda mpya yenye jina la kiofisi, mahali na namba, na ya zamani nikaitupa. Kwingine hakukutokea neno, kwa sababu kamusi na kikuza herufi havina kumbukumbu ya mtu ndani yake. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilifanya kosa mwezi mzima bila kuadhibiwa, nikadhani ni utaratibu.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Bi Mwanaesha. Nilikaribishwa ukumbini, kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kofia, na kando yake kofia ya Abuu, ukanda tu, haina juu. Maji ya bahari yalikuwa yameanza kutoka na boti ya kurudi ilikuwa hainingoji. Nikafungua, nikaiona folda ya Bwana Mutua kwenye diski ya pili, jina lake nikalipita kama mtu anavyopita kibao cha duka asilonunua kitu. Nikatengeneza folda yangu nadhifu, nikatia mafaili mapya, nikapachika. Ile ya zamani nikaitupa, na kikapu cha taka nikakimwaga, maana sipendi kuacha uchafu kwenye nyumba ya watu.

Kiendelezi kikafunguka vizuri sana. Karatasi nyeupe, safi, haina neno.

Bi Mwanaesha alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake. Hakupaza sauti.

"Fundi," akasema, "maneno ya Shee yako wapi?"

Nilimwambia yapo, yamejificha tu. Wakati huo sikuwa na hakika. Niliogopa kugeuka nimwangalie. Nikafungua tena ukurasa wa viendelezi.

Kwenye orodha ya viendelezi, kile cha zamani kilikuwa bado kimeandikwa, na alama nyekundu ya kusema folda yake haionekani. Pembeni yake kulikuwa na kitufe cha "Ondoa". Unadhifu wangu ulinituma nikibonyeze ili orodha ikae vizuri, na kishale kilikuwa kimeshafika juu yake. Kilichonizuia ni neno moja la Bwana Mutua, kwamba Ondoa ni ya mwisho, si ya kwanza. Ungebonyeza, kivinjari kingefuta na kumbukumbu zote za kiendelezi hicho, na hapo asingeweza mtu kuzirudisha. Kwa kuwa sikubonyeza, maneno ya Mzee Shee yalikuwa bado yamo ndani ya mashine, yanamngoja mwenye anwani yake arudi. Nilichotakiwa ni kutengeneza folda mahali pale pale, kwa jina lile lile la zamani. Na jina sikulisoma.

Najua mtaniambia kuna faili ndani ya kivinjari linaloweka jina hilo, ukilifungua unaliona. Ndiyo, ninalijua. Nimelijua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba lilikuwa jina la chakula.

Nikampigia simu Bwana Mutua. Mteja hapatikani. Kwao ni huko ndani nyuma ya milima ya Kitui, simu inashika ukipanda kilima. Nikaacha ujumbe. Boti ikaondoka bila mimi. Nikaenda kulala kwa binamu yangu, na asubuhi nikarudi kwa Bi Mwanaesha, nikakaa chini, nikaanza kukisia.

Mkate wa mofa. Mahamri. Mahamri na mbaazi. Samaki wa kupaka. Wali wa nazi. Kila jina nalitengenezea folda, natia mafaili, napachika, nafungua, nakuta karatasi nyeupe. Nafuta, naanza tena. Bwana Mutua alikuwa anaanza jina kwa herufi kubwa na mengine yote madogo, hilo nililikumbuka, lilinipunguzia kazi. Lakini Pate wanapika vitu vingi. Biriani, bajia, viazi vya rojo, kaimati, mkate wa sinia, papa, pweza, uji. Nikawa naandika kwenye karatasi yale niliyokwisha kujaribu ili nisiyarudie.

Na Bi Mwanaesha, ambaye nimempotezea mumewe mara ya pili, ananiletea chakula. Ndivyo watu wa Pate walivyo, hata aliyekuvunjia chombo humwachi na njaa. Mchana akaniletea wali na samaki wa kuchoma. Nikala kwa aibu, kisha nikanawa na kujaribu "Wali na samaki wa kuchoma". Jioni akaleta mkate wa mofa na mchuzi wa pweza. Nikajaribu "Mkate wa mofa na pweza". Kila sahani iliyoingia niliitazama kwa matumaini. Yeye alikuwa anakaa upande wa pili, ameishika ile kofia isiyo na juu, sindano imo kwenye kitambaa, haisogei. Hakuniuliza kitu siku nzima. Heri angenifokea.

Siku ya pili ilipita namna hiyo hiyo. Siku ya tatu asubuhi alikuja na chai na mahamri, akaiona karatasi yangu. Akainua miwani, akaisoma yote kutoka juu mpaka chini.

"Fundi, watuandikia tulicho nacho jikoni?"

Nikaona sina pa kwenda. Nikamweleza yote: majina ya folda, vyakula, nilivyoitupa ile ya zamani, na kwamba maneno ya Mzee Shee yako nyuma ya jina moja tu na jina hilo ni la chakula alicholishwa Bwana Mutua katika nyumba hii siku ya kwanza. Nilimwambia pia kwamba kosa ni langu, si la mashine.

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko cha ndani kwa ndani, mabega yanatikisika, mpaka akaiweka kofia chini asije akajichoma sindano.

"Siku mbili wauliza mtambo," akasema. "Mimi niko hapa."

Nikamwuliza, kwani mlimpa nini?

"Hakula kitu. Ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani. Alikuya mtana, Shee akanambia nimwekee chakula, si Mwislamu, na mgeni ni mgeni. Nikamwekea. Akasema yeye hali peke yake mbee ya watu wenye ndaa. Akakaa na kazi yake hata maghribi, akafungua na siswi. Tende tatu na kikombe cha mayi. Nilimwekea sahani nzima, akatwaa tatu. Shee aliisema habari hiyo hata alipokuwa kitandani hawezi."

Nikageukia kibodi. Nikaandika "Tende tatu", herufi ya kwanza kubwa, nyingine ndogo. Nikatia mafaili mapya ndani yake. Nikapachika. Ile alama nyekundu kwenye orodha ikaondoka. Nikafungua karatasi ya pembeni, na haikuwa nyeupe tena. Karatasi zilijaa, moja juu ya nyingine, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kwa kidole kimoja, bila nukta wala mkato.

Nililia. Sioni sababu ya kuwaficha. Bi Mwanaesha hakulia. Alivuta kiti, akavaa miwani, akatafuta ile ya harusi ya Abuu, akaanza kuisoma kwa sauti ndogo, tobo tano, ruka mbili, rudi, huku kidole kinahesabu kwenye kitambaa. Kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshatia sindano. Hakuniambia ahsante wala hakunilaumu. Alikuwa na kazi.

Nikabaki kuhakikisha kila karatasi inafunguka, na safari hii nikazinakili zote kwenye faili la kawaida, na faili nikaliweka mahali pawili, jambo ambalo kama lingefanywa zamani, kiendelezi kingali kinafunguka, ningekuwa nimerudi Amu siku ile ile. Nilipofika karatasi ya mwisho, nikamwita aje aione, kwa sababu haikuwa na hesabu za mtu yeyote niliyemfahamu kuwa anavaa kofia. Akaisoma, na safari hii sauti yake ilibadilika. Ilikuwa imeandikwa hivi, naweza kuisema kwa moyo: kofia ya bwana mutua kitwa kipana ongeza tobo mbili kila safu nakshi ni tatu tatu mfano wa tende ishonwe kabla hayarudi kwao.

Haikushonwa. Mzee Shee aliugua zaidi mwezi ule ule, kisha yakatokea yaliyotokea, na Bwana Mutua akaondoka na mkoba wake na kichwa wazi. Bi Mwanaesha akasema alikuwa ameisahau kabisa, kwamba siku waliyoiandika ndiyo siku ya mwisho Shee kukaa kitako. Kisha akaniuliza kama ninajua Bwana Mutua anakoishi.

Bwana Mutua alinipigia simu jioni ile nikiwa gatini Mtangawanda nangoja boti. Alikuwa amepanda kilima chake na kusoma ujumbe wangu. Nilimweleza kwamba jambo limekwisha, jina limepatikana. Akauliza nimelipataje. Nikamwambia ni Bi Mwanaesha aliyeniambia. Akaniuliza tena, upepo wa huko kwao ukivuma kwenye simu.

"Na wewe, kwani hukumwuliza mwenye nyumba kwanza?"

Nikamwuliza swali langu la siku nyingi, kwa nini hasa chakula, nikamwambia sitaki lile jibu la tumbo. Akasema yeye alizaliwa mwaka wa ukame na akakua katika ukame mwingine, na kila mahali alipolishwa na mtu asiye ndugu yake anapakumbuka mpaka leo, na hataki pasahaulike. Akasema hivyo tu, kisha akaniambia salio linakwisha. Nilisimama pale na mkoba wangu wa bisibisi nikiona haya kwa folda zote nilizokuwa nimezitupa mwezi ule, hata ile ya "Hawakunipa kitu".

Abuu alioa na kofia yake kichwani. Nilikuwepo msikitini. Watu walimtazama bwana harusi, mimi nilikitazama kichwa chake, lile duara la juu, namna safu zinavyokutana katikati bila kubaki nafasi wala kubanana. Wazee wawili waliokuwa mbele yangu walinong'onezana kwamba ile ni kazi ya Shee. Mmoja akasema haiwezekani, Shee amekufa. Mwenzake akasema atazame vizuri.

Ya Bwana Mutua ilichukua miezi mitatu, kichwa ni kikubwa kweli. Niliipeleka mimi mwenyewe kwenye basi, ndani ya boksi la kibodi. Ananiambia anaivaa akienda kwa mbuzi wake na akienda kanisani, mlangoni anaivua na kuishika mkononi, na majirani zake wamemwita Shehe Mutua mpaka jina limemganda. Anasema imemkaa.

Sasa wewe uliyechukua nafasi yangu, nimekupa orodha ya mashine zote za Pate na nywila zake, na hutaniita ovyo, kwa maana nimestaafu. Lakini ukifika kwa Bi Mwanaesha, utaikuta diski ya pili, na ndani yake folda inaitwa Tende tatu. Tia mafaili mapya humo humo. Usiibadilishe jina, usiisogeze, na kitufe cha Ondoa usikikaribie. Akikuwekea chakula, usimwambie una haraka ya boti. Kaa ule, na ukimaliza muulize Mzee Shee alikuwa mtu wa namna gani. Atakwambia yeye mwenyewe, mashine iache imefunikwa kwanza.